Mama, kuhusu ile chanjo ya begani

Shikamoo mama, habari za Tanga, na mguu wa baba unaendeleaje? Sisi wazima, Idrisa ananyonya usiku kucha hanipi hata nafasi ya kufumba jicho. Nimeona niandike maana kwenye video kol mtandao unakatika halafu shangazi naye anadakia, na hili nataka ulisome taratibu.

Ulinigombeza kwamba mtoto anakaribia arobaini na bado hana kidonda cha BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, ukasema wazungu wazembe. Mama sio uzembe. Huku England watoto wengi hawapewi kabisa hiyo BCG, ila sisi tuliotoka nchi zenye kifua kikuu kingi wa kwetu wanapewa, na zamani walikuwa wanachomwa mapema tu baada ya kuzaliwa. Tangu Septemba 2021 wamebadilisha, wanasubiri mtoto afikishe siku 28, sababu kuna kipimo majibu yake yatoke kwanza. Idrisa kapangiwa wiki ijayo, kidonda utakiona tu.

Kipimo chenyewe, siku ya tano mkunga alikuja nyumbani akamchoma kisigino akadondoshea damu kwenye kadi yenye viduara vinne (alilia huyo!). Sio kitu kigeni, hata kliniki za huko watoto wa akina mama wenye VVU wanachukuliwa damu hivyohivyo inakaushwa kwenye karatasi. Kwenye kadi hiyo moja wanatafuta magonjwa kadhaa ya kurithi, selimundu ikiwemo, na huku Manchester, sio England yote, wakaongeza na ugonjwa unaitwa SCID, wenyewe wanatamka skidi. Mtoto anazaliwa mzuri tu kanenepa, kumbe kinga hana, zile seli za kupambana na magonjwa hazikutengenezwa. Miezi ya mwanzo anasaidiwa na kinga aliyotoka nayo kwa mama yake, ikiisha ndo yanaanza, utando mdomoni hauishi, kuharisha, nimonia, uzito haupandi, na asipotibiwa kawaida hafikishi miaka miwili. Sasa BCG ni vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kwa mtoto wa kawaida vinaishia kwenye kidonda tu, kwa mtoto wa skidi vinaweza kusambaa mwili mzima vikamuua.

Niliuliza wanajuaje kwa tone la damu, na nilivyoelezwa wewe fundi cherehani utaelewa haraka kuliko mimi. Seli za kinga zikiwa zinakomaa kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua zinakatakata jeni zao na kuziunga upya, na vile vipande vilivyokatwa vinabaki. Ukiingia kwa fundi ukakuta vipande vya vitambaa sakafuni unajua kashona, ukikuta peupe hakuna nguo iliyoshonwa. Basi wao wanapima hivyo vipande. Vikiwa vichache wanamwita mtoto wapime upya kwa undani, maana saa ingine ni njiti tu au ana shida nyingine. Vya Idrisa vilikuwa vya kutosha, barua imekuja inasema skidi haishukiwi, alhamdulillah.

Ila kuna swali mkunga aliniuliza halijanitoka. Eti kwenye familia yenu kuna watoto wa kiume waliofariki wachanga? Nikabaki nimekodoa macho, nikawakumbuka wale wajomba wawili ambao bibi alikuwa akiwataja halafu ananyamaza. Wengine walisema jicho, wengine mtaani wakamnong'onea bibi vibaya, hayo nimeyasikia kwa shangazi. Mama, walikuwa na miezi mingapi? Walivimba tezi kwapani baada ya chanjo? Inawezekana ilikuwa malaria au surua, watoto walikufa kwa mengi, ila aina moja ya skidi inapita kwa mama, yeye haumwi kitu, ila kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nusu kwa nusu kuupata, na wa kike nusu kwa nusu kuubeba. Kutoka kwa bibi, kwako, kwangu na ndugu yangu Zuhura. Kwa hiyo majibu mazuri ya Idrisa hayamsafishi Zuhura, yeye ana bahati yake na mimi yangu. Halafu aina nyingine mtoto anarithi pande zote mbili, baba na mama, na Zuhura ameolewa na binamu, usinikasirikie mama nasema tu kilivyo.

Yule mtoto wa Texas mwenye skidi, David Vetter, aliyezaliwa 1971 akalelewa ndani ya plastiki mpaka miaka 12, walijua kumkinga tangu anazaliwa kwa sababu kaka yake alishakufa akiwa na miezi saba. Historia ya familia ndo ilikuwa kipimo. Alikufa 1984 baada ya kupandikizwa uloto wa dada yake uliokuwa na kirusi. Siku hizi mambo yamebadilika, Marekani waliangalia wakakuta watoto waliopandikizwa kabla ya miezi mitatu na nusu, 94 kati ya 100 walikuwa hai miaka mitano baadaye, ila wale waliochelewa na wakapandikizwa huku wanaumwa maambukizi ilikuwa nusu tu.

Kwa hiyo Zuhura akienda kliniki amwambie nesi na daktari kuhusu wajomba sasa hivi, kabla hajajifungua, wasije wakamchoma mtoto BCG akiwa bado labour ward bila kujua. Akizaa wa kiume aombe kile kipimo cha damu, ful blad picha, waangalie limfosaiti, yaani hizo seli za kinga, mtoto mchanga kawaida anakuwa nazo nyingi kuliko mtu mzima, zikiwa chache daktari wa watoto aone kabla ya sindano, hiyo haihitaji mashine ya Ulaya. Na tafadhali usije ukawatangazia wamama wa kikundi waache BCG!! Skidi ni nadra, Marekani walipata mtoto mmoja kwenye kama 58,000, na kifua kikuu huko kipo, wengine wote wachome mapema kama kawaida.

Hela ya kliniki nimeshamtumia Zuhura kwenye M-Pesa, ya kwako inakuja ijumaa. Nijibu kuhusu wajomba kwa voice, shangazi akiwa hayupo.

Mwanao,
Mama Idrisa