Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukingo wa Ziwa Hulindwa Kuanzia Chini

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitazungumzia ukingo wa Ziwa Victoria, maana ndio uliochukua nguvu zetu nyingi mwaka huu.

Wimbi hula kitako cha ukingo kwanza. Udongo wa juu hubaki ukining'inia, kisha hudondoka mapande mapande. Ndiyo sababu nyasi zilizopandwa juu peke yake hazisaidii. Ukuta wa zege nao hulirudisha wimbi likiwa bado na nguvu, likachimba msingi wa ukuta wenyewe na kumega shamba la jirani pale ukuta unapoishia.

Kazi huanza kwa kuchonga mteremko: kwa kila mita 1 ya kimo, mita 3 za mlalo. Kitakoni huchimbwa mtaro, humo hulazwa matita ya fito yenye unene wa sentimita 20 hadi 30, yamefungwa kwa kamba ya katani na kuzama nusu ardhini. Vigingi hupigwa kila baada ya sentimita 60 hadi mita 1. Shindilieni udongo vizuri chini na katikati ya fito. Penye uwazi maji hupita, na tita lote hufukuliwa.

Juu ya matita hupandwa vetiva, nyasi yenye mizizi mirefu, kwa mistari inayokingama mteremko, shina mbili au tatu kila shimo, sentimita 10 hadi 15 kutoka shimo hadi shimo. Mwanya ukizidi hapo, maji ya mvua huchonga mfereji. Kabla ya kupanda, majani yakatwe yabaki sentimita 20 hivi. Penye udongo wa kina mizizi hushuka mita 3 na zaidi.

Mafunjo ni hazina ya ziwa hili, lakini yafaa kwenye ghuba tulivu. Palipo na wimbi kali, au maji yakipanda ghafla, zulia la mizizi yake hukatika na kuwa kisiwa kinachoelea. Mwaka 2020 maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, yakipita rekodi ya 1964, na kisiwa cha namna hiyo kiliziba bwawa la umeme huko, nchi nzima ikabaki gizani. Hata hivyo, penye mafunjo ya asili tusiyaguse: hakuna tutakachopanda kitakachoyashinda.

Adui mkubwa wa miche ni ng'ombe na mbuzi wanaoshuka kunywa maji. Wapewe njia moja iliyotandazwa mawe, sehemu iliyobaki izungushiwe uzio walau misimu miwili ya mvua. Gugumaji linaloletwa na upepo liondolewe mapema, kabla halijalalia miche.

Kumbukeni pia kwamba kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinahifadhi mita 200 kutoka maji ya Ziwa Victoria. Kazi yoyote humo ipitie kwanza NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na ofisa mazingira wa wilaya.

Upandaji ujao ni mvua za Machi zikianza. Fito zikatwe na kufungwa Februari.