Mafundi rangi, puti haipakwi rangi hivihivi

Mhariri, naomba nafasi niongee na mafundi wetu wa rangi za magari hapa Dar maana hii tabia imezidi. Gari limegongwa kidogo, fundi ananyoosha bodi, anapiga puti (ule udongo laini wa kujazia mabonde ya bati), anaisugua na msasa wa maji halafu hapohapo anapuliza rangi, praima (rangi ya chini ya kutangulia) hakuna, sila (ya kuziba vitundu vya puti) hakuna, ukiuliza unaambiwa bosi hiyo haina shida. Shida ipo! Puti inanyonya, yale maji ya msasa yanabaki mle ndani, baadaye rangi inavimba malengelenge na bati chini linashika kutu, kwa unyevu wetu huu wa pwani ndo kabisa. Tena puti inafyonza tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ndo maana ile sehemu inafifia na ukichungulia kwa ubavuni unaona mduara wa kiraka. Puti isuguliwe kavu, msasa namba 80 (namba ndogo ndo mkali zaidi) ukimalizia na 320 hivi, ndo ipigwe praima ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha), ikikauka msasa 400 au 600, rangi ifuate. Na sisi wateja nasi tumezidi, gari unapeleka asubuhi unalitaka jioni, hiyo praima ikauke saa ngapi?

Mwenye gari, Tabata, Dar es Salaam