Risala ya Wapiga Upinde kwa Mgeni Rasmi, Kambi ya Mashindano Karibu na Tewkesbury

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Waswahili wa hapa Uingereza,
Wazee wetu, kina mama na kina baba,
Wenyeji wetu mliotupa shamba lenu,
Wapiga upinde wenzetu, na watoto wote mliopo,

Assalaam alaykum. Bwana asifiwe. Hamjambo!

Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko, na tunakushukuru zaidi kwa kukubali kulala hemani. Tulikutafutia chumba mjini ukakikataa. Usiku mvua ikanyesha kama ilivyo ada ya nchi hii, na alfajiri tukakuona unakamua koti huku unacheka. Kuanzia hapo hatukukuhesabu tena kuwa mgeni, ingawa risala lazima tukusomee.

Hapa tulipo ni jirani na uwanja wa vita. Tarehe 4 Mei 1471, Mfalme Edward wa Nne alipambana na jeshi la Malkia Margaret wa Anjou, mke wa mpinzani wake Mfalme Henry wa Sita, nje kidogo ya mji wa Tewkesbury, akalishinda. Mwana wa malkia, aliyetarajiwa kurithi taji, aliuawa siku hiyohiyo, na konde ambako inasemekana askari wa malkia walichinjwa wakikimbia linaitwa mpaka leo Konde la Damu. Kila Julai mji huu hufanya tamasha kubwa la kuigiza vita hivyo, mitaa ikajaa bendera na watu waliovaa deraya. Kambi yetu si hiyo. Yetu ni ndogo: vikundi vichache vya majirani, siku mbili, simu zimeachwa garini, nguo za karne ya 15, moto wa kuni, na upinde.

Tunajua wako wazee wanaouliza: Waswahili na mambo haya ni wapi na wapi? Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na mji wenyewe ukineemeka kwa dhahabu ya Sofala. Mwaka huohuo Mfalme Edward wa Tatu alikuwa kwenye kiti cha Uingereza. Kwa hiyo kijana wetu aliyevaa joho na kilemba akajiita mfanyabiashara wa Kilwa hajaingilia historia ya watu. Amekuja na yake. Kanga, kwa masikitiko ya kina mama, zimebaki kwenye mabegi, maana ni za karne ya 19. Na kuhusu upinde wenyewe, mtu wa kwetu hana cha kujifunza upya. Waata wa Tsavo waliwinda tembo kwa pinde nzito na mishale ya sumu, na Wahadzabe wa bonde la Eyasi wanawinda kwa upinde hadi leo.

Jikoni ndiko kulikozuka mjadala mkali. Sheria ya kambi ni kutopika kilichotoka Amerika baada ya safari ya Columbus, kwa hiyo mahindi, nyanya, viazi na pilipili kali vilipigwa marufuku. Ugali haukuonekana. Kachumbari ilikuwa vitunguu vitupu. Lakini mchele ulikubaliwa, kwa kuwa matajiri wa Uingereza ya wakati ule waliula, tena kwa maziwa ya lozi. Na pilipili manga, mdalasini na tangawizi zilikuwa zikiwafikia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Karafuu nazo zilikuwepo, ila si za Unguja, kwa kuwa Unguja mikarafuu ilikuja kupandwa baadaye sana. Zilitoka visiwa vya Maluku. Basi pilau ikapita, na nadhani Mgeni Rasmi ni shahidi kwamba sufuria ilirudi tupu.

Sasa mashindano. Wapiganaji wa panga na ngao ndio waliovuta watazamaji, na hatuwaonei wivu, ingawa tunaona wanapiga kelele kuliko wanavyopigana. Sisi tulikuwa upande wa pili wa shamba. Tulishindana kwa shabaha za majani makavu, kwanza yadi 40, kisha 30, kisha 20, mishale sita kila umbali, halafu duru ya kasi ambapo mtu ana nusu dakika tu. Hakuna kioo cha kulengea wala upinde wa magurudumu. Ni mti, ugwe, mshale wa mbao na manyoya. Hakuna anayevuka mstari kabla msimamizi hajasema, hata kama mshale wake umeanguka hatua mbili mbele. Kwa hilo hatuna mzaha, na mtu mzima mmoja alikalishwa chini duru nzima kwa kusahau.

Jioni wakubwa wakalenga bendera iliyosimikwa mbali, yadi 180. Kwa umbali huo humlengi mtu wala kitu, unaelekeza mshale mawinguni na kusubiri ushuke. Aliyeshinda ni dada yetu muuguzi, ambaye alifika hapa moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Waliolala vizuri watatueleza walikuwa wapi.

Mgeni Rasmi, tuna jambo moja la kukuomba, na kabla ya kulitaja tunaomba utusikilize kidogo. Meli ya vita ya Mary Rose ilizama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982. Ndani yake zilipatikana pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500. Wataalamu wanakadiria kwamba pinde zile zilihitaji nguvu ya ratili 100 hivi hadi 185 kuzivuta. Mtoto wetu anaanza na upinde wa ratili 20, na siku ya kwanza mkono unamtetemeka. Hata baadhi ya mifupa ya mabega iliyopatikana melini ilikuwa na hitilafu ambayo wachunguzi wameihusisha na kuvuta upinde tangu utotoni. Askofu Hugh Latimer, akihubiri mbele ya mfalme mwaka 1549, alieleza jinsi baba yake alivyomnunulia pinde kulingana na umri na nguvu zake, na kadiri alivyokua ndivyo pinde zilivyokuwa kubwa. Na mwaka 1363 Edward wa Tatu aliamuru wanaume wote wenye afya wapige upinde siku za sikukuu, akakataza mpira wa miguu chini ya tishio la jela. Hapo vijana wetu wa Arsenal na Liverpool wamenuna.

Hayo yote yanasema kwamba upinde ni mazoezi ya kila juma. Watoto wetu wanapiga kambini tu. Wakirudi nyumbani pinde zinaingia chini ya kitanda mpaka kambi nyingine, na kila mara tunaanza nao upya pale tulipoanzia. Hatumfundishi mtoto, tunamkumbusha.

Nyuma ya ukumbi unaokodiwa na jumuiya kuna uwanja mrefu wenye mwinuko wa udongo mwishoni. Jumapili asubuhi hautumiki. Tunaomba jumuiya izungumze na mwenye ukumbi ili tuutumie saa mbili tu, kabla ya madrasa na baada ya ibada ya kwanza. Bima tumeshaiulizia na tutailipa kwa michango yetu. Wasimamizi wenye mafunzo tunao. Kinachobaki ni shabaha mbili za majani na wavu wa kukinga nyuma, ambavyo tunaomba jumuiya itusaidie nusu ya gharama. Nusu nyingine tutaitafuta kwa kuuza pilau kwenye sherehe za Idi na Krismasi, safari hii pamoja na nyanya.

Tunatambua pia msaada wa wenye shamba hili, waliotuvumilia tulipotafuta mishale iliyopotea kwenye nyasi zao hadi giza likaingia. Ng'ombe wao hawataletwa malishoni mpaka tuipate yote, na kesho asubuhi tunarudi kutafuta.

Baada ya risala hii tunakuomba uwakabidhi washindi podo zao, ukianza na watoto, kisha muuguzi wetu, ambaye ana zamu tena usiku huu na ameomba atangulie kuondoka.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha wapiga upinde