Lile koti lako la bluu

Buguruni, Jumapili usiku

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mguu wa baba yako umetulia, na paka wako amezaa tena, wanne, juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Simu ya jana, juu ya hawa wanawake tunaowavisha nguo za kuendea usaili wa kazi, haikuisha vizuri. Wewe ulisema, "Mama unajichosha bure, si mwape hela wakanunue wenyewe," na mimi nikakujibu vibaya kwa sababu nilikuwa na pini mdomoni na mtu kasimama mbele yangu na sketi haina pindo. Sasa nimekaa, umeme upo, nikujibu kiutu uzima.

Hela tulijaribu. Mwanzo kabisa tulichanga kwenye kikoba, tukampa dada mmoja elfu thelathini akatafute nguo na viatu vya kuendea usaili. Akapita duka la dawa kwanza, mtoto alikuwa na homa. Nani atamlaumu? Hata mimi ningepita hapohapo. Asubuhi ya usaili akaja kuniazima blauzi, ile yangu ya maua makubwa unayoicheka. Hela haina jina, mwanangu, ikiingia nyumbani kila shida inaidai. Koti halichemshwi likaliwa wala halilipi kodi ya chumba. Ndiyo hesabu yetu hiyo, usidhani hatuwaamini.

Kwa hiyo Ijumaa mbili za mwezi mimi na mama yako mdogo tunakuwa soko la Karume mapema, mabalo ya mitumba yanapofunguliwa. Wanaogombea gauni na jinzi tunawaacha wagombee. Sisi tunasubiri rundo ambalo hakuna anayelitaka, la makoti. Dar hii nani anataka koti la sufu? Linavuliwa huko Ulaya kwenye baridi, linavuka bahari, linafika hapa linauzwa bei ya chipsi mayai. Ukilipindua ndani unakuta mshono ambao mimi na miaka yangu yote kwenye cherehani siwezi kuupiga vile.

Kichekesho ni kwamba mimi ndiye nilikuwa adui wa mitumba. Unakumbuka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliposema mitumba iwe imekwisha ifikapo 2019? Sisi mafundi tulichekelea, tukijua sasa watu watarudi kushonesha. Marekani wakatia mguu, wakatishia kufunga mlango wa AGOA, ule mpango wao wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, na mwisho ikabaki Rwanda peke yake na msimamo wake, nayo 2018 ikanyang'anywa nafuu ya kuuza nguo kule. Leo aliyechekelea ndiye wa kwanza kufika Karume.

Ila koti la Karume halivaliki hivihivi. Ya zamani yana mapedi mabegani kama ya askari. Nafumua bitana kwapani, nayachomoa, nashona tena. Sketi zao zimekatwa kwa miili mingine: inapita mapajani, inagoma kwenye hipsi, ukiilazimisha ikapanda inakuja kupwaya kiunoni. Naachia mishono ya pembeni mpaka itakapofika, kisha nabana kiuno. Na urefu nashusha kila nikipata kitambaa cha kushusha, maana ule Waraka wa Utumishi Na. 3 wa 2007, uliokataza watumishi nguo fupi na za kubana, umewaingia watu kichwani hata wale wanaokwenda kuomba kazi kwa Mhindi wa vipuri. Wakiona goti, wanaogopa. Nami sibishani na mtu mwenye usaili kesho.

Shida yetu kubwa ni viatu. Nguo naweza kuikata, kiatu siwezi. Mwenye mguu wa saba hatavaa wa tano hata umwombee dua, na wengi wanakuja na kandambili. Kuna jozi moja nyeusi ya kufunika, namba thelathini na tisa, imekwenda usaili mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Inakwenda na kurudi, soli nimeshaipeleka kwa fundi viatu mara mbili. Tunamwambia mtu: panda daladala na kandambili zako, viatu viwe mfukoni, koti libebe mkononi. Ukifika getini futa miguu, vaa viatu, vaa koti, ndipo uingie. Ukilivaa koti la sufu kutoka Gongo la Mboto mpaka Posta kwenye msongamano wa asubuhi, utafika umelowa kama umetoka kuoga.

Na nauli. Hapo ulikuwa na haki, nakiri. Tulimvisha mtu kichwa hadi miguu halafu akakosa elfu mbili ya kwenda na kurudi. Siku hizi nauli inakaa kwenye mfuko wa ndani wa koti, hatumkabidhi mkononi. Akifika nyumbani ataikuta.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijakwambia.

Mwaka wa kwanza nilipiga picha. Nilitaka wenye kabati zilizojaa waone nguo zao zilivyopendeza wakatoe nyingine. Dada alikuwa amesimama mbele ya kioo, kile tunachoazima saluni ya jirani, anageuza shingo aone mgongo wa koti umekaaje, anatabasamu peke yake. Nikafyatua. Nikaitupia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa na maneno chini: mmoja wa tuliowasaidia. Alaasiri ileile picha ikawa imefika kwa wifi yake. Kesho yake koti lilirudi, limekunjwa vizuri, limetiwa kwenye mfuko, katumwa mtoto wa miaka kama minane. "Mama anasema ahsante, amepata lingine."

Hakuwa na lingine. Mimi niliyempima ndiye ninayejua alikuja na nini.

Wazee wetu nguo wameiita stara, na neno hilohilo ndilo la kumfichia mwenzio upungufu wake. Nimelitamka tangu utoto wangu bila kulisikia. Nilimsitiri asubuhi, alaasiri nikamvua mbele ya mtaa mzima, kwa simu yangu mwenyewe, tena nikiona nafanya jema. Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinikaribisha, akanipa chai, tukazungumza habari za mvua. Kwetu hakurudi tena.

Tangu siku ile mambo yamebadilika, na ndiyo maana yananichosha hivi unavyoniona. Hakuna picha. Hatuwaiti kumi siku moja wakapanga foleni barazani. Wanakuja wawili asubuhi, wawili baada ya adhuhuri. Kila mmoja namwandika kwenye daftari lilelile la wateja wanaolipa, kiuno, hipsi, urefu wa mkono, siku ya kuchukua. Jirani akichungulia anaona mwanamke yuko kwa fundi, basi. Kuna mteja wangu wa harusi alisimama karibu nusu saa pembeni ya mmoja wao wakipiga soga juu ya bei ya vitenge, na hakujua kitu.

Na hatumchagulii mtu. Mwanzoni nilikuwa nawapa cheusi tu, nikiamini ofisi ni cheusi. Akaja binti wa hijabu, mpole, nikamvika koti jeusi fupi, akakubali kila nililosema. Anaondoka, nikamuona anashika ncha za koti anazivuta chini, anavuta, anavuta, mpaka kwenye kona. Nikamwita arudi. Tukatafuta refu, la kahawia, ambalo mimi nisingelitoa kwenye rundo. Alivyotembea nalo sikuhitaji kumuuliza. Siku hizi natandika yote mezani, naenda kuwasha jiko la chai, narudi amechagua.

Uliniambia siku moja kwamba Marekani wana chama cha namna hii, Dress for Success, kilichoanza New York mwaka 1997, kwamba yule Nancy Lublin alikuwa bado anasoma sheria akaanza na dola 5,000 za urithi. Sisi tulianza na hanga kumi na mbili na hasira za mama yako mdogo. Lakini kuna kitu chao nimekiiba: mtu anapewa nguo ya usaili, na akishapata kazi anarudi kuchukua nyingine za kuvaa kazini. Mimi nilikuwa nadhani akiajiriwa amevuka. Kumbe mwezi wa kwanza ndio mgumu kuliko wote, mshahara haujatoka, koti ni moja, na Jumatano wenzake ofisini wameanza kuhesabu. Sasa anayeajiriwa anarudi achukue blauzi mbili na sketi. Wengine wanarudi na sukari. Sukari napokea.

Nimefika kwenye shida yangu. Wiki hii amekuja mama mmoja, mhasibu, amekaa nyumbani miaka minne analea pacha. Usaili wake ni Alhamisi. Mabega yake ni yako kabisa, yale mapana ya upande wa baba yako, na mikono mirefu. Amejaribu makoti matano, yote yanaishia juu ya kifundo cha mkono na hakuna kitambaa cha kushusha. Nikakumbuka lile koti lako la bluu, ulilovaa ulipoitwa Dodoma na Sekretarieti ya Ajira. Kifungo cha pili kilikuwa kimepotea, usiku wa manane nikakushonea cheusi cha kuokoteza, nawe ukaniambia muda wote wa usaili ulikaa na bahasha ya vyeti kifuani wasikione.

Sikuamrishi. Kama bado unalivaa, livae, nitahangaika kwingine. Kama linaning'inia tu nyuma ya mlango, mpe kondakta wa basi la Jumanne asubuhi, mimi nitalisubiri stendi ya Magufuli. Andika namba yangu ya simu juu ya mfuko, usiandike ni la nini wala la nani. Angalia mifukoni kwanza, nakujua kwa risiti. Usilifue, maji yenu ya huko ya chumvi yataliharibu, nitalifua mwenyewe Jumanne usiku lipate kukauka.

Kifungo usihangaike nacho. Nimeshapata cha bluu.

Mama yako