"Mtandao unasumbua" limekuwa jibu la kila kitu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hili jibu ambalo yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye kaunta hapa Tabora analijua, iwe unalipia ada ya mtoto, unatoa hela saccos, unachukua dawa au unaulizia malipo ya tumbaku kwenye chama chenu cha msingi, unafika dirishani karani anaangalia kioo cha kompyuta, anasonya kidogo, alafu anakwambia mtandao unasumbua. Basi, hakuna swali la pili. Unarudi zako Isevya, na kama umetoka Sikonge ndo nauli imeshaenda hivyo.

Mimi kazi yangu ni hizo hizo kompyuta, nafunga netiweki za maofisi, seva, zile kompyuta kubwa zinazotunza data za ofisi, zikigoma naitwa, na programu ndogondogo za maduka na vyama naandika pia. Na mara nyingi nikiitwa sehemu ambayo wateja wamefukuzwa kisa mtandao, mtandao wenyewe nakuta mzima kabisa, WhatsApp inaingia, karani anaangalia status za watu hapo hapo kwenye kaunta. Kilichokufa ni kitu kingine, na kwasababu kimeshapewa jina la mtandao hakuna anayekitafuta.

Sikatai kwamba kuna siku ni mtandao kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania intaneti ikawa ya kubahatisha, siku ile hata uwe fundi wa namna gani hapa Tabora ungekaa tu usubiri. Ila waya wa baharini haukatiki kila Jumatatu asubuhi.

Nianze na jambo linalotuuma sisi wa huku kuliko watu wa Dar. Majina. Unyamwezini na Usukumani majina yenye Ng' yamejaa, kina Ng'wandu, Ng'wigulu, Ng'washi, kila ukoo unao. Sasa hiyo ritifaa, kile kikoma cha juu, ndo inaua programu. Databesi, yaani ghala la taarifa za programu, nyingi zinaongea lugha inaitwa SQL na humo maandishi yanawekwa katikati ya vikoma viwili vya juu, kimoja cha kufungua na kimoja cha kufunga. Programu ikituma jina = 'Juma' databesi inaelewa inaendelea na kazi. Ikituma jina = 'Ng'wandu' databesi inasoma Ng, inaona kikoma, inajua jina limeishia hapo, alafu inakutana na wandu imebaki nje haijui ni amri gani hiyo, inakataa kila kitu. Na sio lazima uitwe Ng'wandu, hata Juma Ally wa watu jina limenyooka lakini anakaa kata ya Ng'ambo, karani akishajaza anuani tu akabonyeza hifadhi, kimya.

Sasa kwanini karani anasema ni mtandao? Hapa naomba makarani tuwatetee kidogo maana tunawatukana bure. Karani hadanganyi, kioo ndo kinamwambia hivyo. Mtengeneza programu alipokuwa anaandika akafika sehemu ya makosa, kazi yake ilikuwa aseme kosa la aina hii fanya hivi, kosa la aina ile fanya vile, yeye akachoka akaandika sehemu moja tu inayodaka makosa yote ya dunia, alafu kwa kila kosa inatoa ujumbe mmoja, "hakuna mtandao, jaribu tena baadae". Databesi imekataa jina, hakuna mtandao. Diski ya seva imejaa, hakuna mtandao. Pasiwedi ya databesi imebadilishwa, hakuna mtandao. Mimi huwa nafungua programu za namna hii za watu wengine nakuta hicho kipande kimekopiwa kwenye kila ukurasa, na kosa lenyewe halijaandikwa popote, hata kwenye logi ya seva, lile daftari la matukio yake, halipo, yaani limemezwa. Huo kwangu ni uvivu mbaya kuliko hata kukosea.

Karani nae mjanja, akishajaribu mara kadhaa anagundua kwamba akiondoa kile kikoma inapita. Anaandika Ngwandu. Siku hiyo wote mnafurahi, mnaagana vizuri. Alafu mwakani unaenda kuomba mkopo, kitambulisho kinasema Ng'wandu, kadi ya chama inasema Ngwandu, unaambiwa hawa ni watu wawili kaape kwa wakili ulete na hela ya muhuri. Na kuna nyingine ya saivi, baadhi ya simu kama iPhone ukiandika ritifaa inakuwekea ile iliyopinda badala ya ile iliyonyooka, kwa macho ni kitu kimoja ila kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, kwahiyo mtu aliyejisajili kwa simu akija kutafutwa kwa kompyuta ya ofisini hayupo, na yeye amesimama hapo dirishani anaonekana kabisa.

Dawa yake ipo miaka mingi na wala sio ghali. Amri ya SQL unaituma peke yake, pale pa jina unaacha nafasi, wengi wanaweka alama ya kuuliza, alafu jina lenyewe unalituma pembeni kama data tu, hapo hata liwe na ritifaa kumi databesi hailisomi kama amri. Lugha za kuandikia programu zinaweza zote, PHP inaweza, Python inaweza, Java inaweza. Ile iliyopinda unaigeuza kuwa iliyonyooka kabla hujahifadhi na kabla hujatafuta, ni mstari mmoja wa programu. Kuna vijana wanapita njia ya mkato ya kurudia ritifaa mara mbili, inafanya kazi lakini inabidi ukumbuke kila sehemu, na mtu hakumbuki kila sehemu. Na mabosi mnaosoma hapa mkidhani hili ni suala la majina tu basi mjue programu inayoanguka kwa Ng'wandu mara nyingi ndo hiyo hiyo mwizi anaweza kuandika amri zake kwenye kiboksi cha jina na databesi ikazitii, akatoka na orodha ya wanachama wote au akafuta madeni yake. Huu ujanja umeandikwa hadharani tangu 1998. Kwahiyo akina Ng'wandu walivyokuwa wanakataliwa kwenye kaunta walikuwa wanawaonyesha tundu bila malipo.

Tuje kwenye netiweki yenyewe sasa. Ofisi nyingi hapa mjini seva iko chumba cha nyuma, kompyuta za kaunta ziko mbele, zote ziko kwenye swichi moja, kile kiboksi cha kuunganisha nyaya za netiweki. Kwa mpangilio huo hata intaneti ikikatika nchi nzima kaunta ilitakiwa iendelee kufanya kazi, maana haiendi nje, inaenda chumba cha nyuma. Lakini ikigoma utaona bosi anatuma kijana akanunue bando. Bando la nini? Kinachotokea mara nyingi umeme umekatika ukarudi, rauta, kile kifaa kinacholeta intaneti ofisini, imewaka upya imeanza kugawa upya namba za IP, yaani anuani za kompyuta kwenye netiweki, jana seva ilikuwa 192.168.1.10 leo imepewa 192.168.1.23, na programu za kaunta zinaendelea kuiita namba ya jana, ni kama unamfata mtu Cheyo kumbe alishahamia Kitete. Unaingia kwenye rauta unaitengea seva namba yake moja isiyobadilika, kazi imeisha, haurudi tena kwa tatizo hilo.

Na kujua tatizo liko wapi unaanzia karibu unaenda mbali, sio unaanza kwa kupigia simu kampuni ya simu. Kwanza angalia kompyuta yenyewe ina namba gani, ukikuta inaanza na 169.254 ujue hiyo imejipa yenyewe baada ya kukosa wa kuipa, kwahiyo kagua waya au rauta, panya hapa Tabora wanapenda sana waya wa netiweki wa darini. Alafu pingi rauta, yaani unaitumia kaujumbe kwa programu ya ping uone kama itajibu. Ikijibu, pingi seva. Ikijibu na hiyo, pingi kitu cha nje, watu wengi tunatumia 8.8.8.8 ambayo ni ya Google. Ikijibu kwa namba lakini ukiandika jina la tovuti haifunguki hapo tatizo ni DNS, yule anayebadilisha majina kuwa namba, na sio intaneti, unabadilisha DNS kwenye rauta unaendelea. Hii pingi aliiandika Mmarekani anaitwa Mike Muuss mwaka 1983, ni programu ndogo mno, na mpaka leo sijaona kifaa cha bei yoyote kinachonisaidia kuliko hiyo. Ila mjue kuna seva zimefungwa zisijibu pingi kwa makusudi, kwahiyo kutokujibu peke yake usikimbilie kusema imekufa.

Kingine ambacho watu wanakipuuza ni namna inavyokataa. Kama ukijaribu kuunganisha unakataliwa hapo hapo, mara nyingi mashine umeifikia na iko hai, ila programu unayoitafuta kwenye porti ile, yaani mlango wake wenye namba, haijawaka au haikusikilizi wewe. Kama inazunguka inazunguka mpaka inachoka yenyewe, hapo ujumbe wako umepotelea njiani au fayawoli, yaani mlinzi wa netiweki, imeumeza bila kukujibu. Mambo mawili tofauti kabisa, yanatafutwa sehemu mbili tofauti. Mfano databesi ya MySQL ukiisimika kwenye seva ya Ubuntu, aina ya Linux, inakuja ikisikiliza 127.0.0.1 tu, yaani inaongea na mashine yake yenyewe, kijana anajaribu pale pale kwenye seva inakubali, anaenda kaunta inakataa papo hapo, anashinda siku nzima anabadilisha waya.

Alafu kuna saa. Umeme ukikatika katika na kibetri cha ndani ya kompyuta kimekufa, ile CR2032 ya duara, kompyuta ikiwaka inarudi miaka ya nyuma huko. Tovuti za benki na za serikali zikikaguliwa vyeti vyao vya usalama kompyuta inaona tarehe ya cheti bado haijafika, inagoma kufungua. Mtandao unasumbua! Betri inabadilishwa na mtoto wa shule kwa bisibisi moja.

Na saa ya seva nayo ina mambo yake, seva nyingi zinatunza muda wa UTC, saa ya pamoja ya dunia, ambao uko nyuma yetu masaa matatu, kwahiyo siku ya seva inaanza kwetu ikiwa saa tisa usiku. Duka la dawa linalokesha, mauzo ya kuanzia saa sita mpaka saa tisa usiku yanahesabiwa ya jana, bosi asubuhi anapiga hesabu haziendani na droo, na nimeshaona mpaka dada wa zamu anaitwa mwizi. Tunza UTC sawa, ila ripoti ikitolewa ibadilishwe kuwa saa zetu. (Huko kwenye orodha ya saa za miji inayotumiwa na kompyuta, saa ya Dar es Salaam siku hizi imeunganishwa kwenye jina la Nairobi, msinune, saa ni ile ile.) Wenzetu wa Kigoma wao ni zaidi, simu ya kando ya ziwa ikidaka mnara wa Burundi au Kongo inaweza kurudi nyuma saa nzima maana wale wako nyuma yetu kwa saa moja, kwahiyo ukitengeneza programu inayoamini saa ya simu ya mteja, kwa Kigoma umeumia.

Kwa hiyo ombi langu kwa mabosi wa vyama, maduka, zahanati na shule ni hili. Karani akisema mtandao unasumbua mwambieni apige picha kioo na aandike ni saa ngapi, kuristati kila kitu baadae, maana mkizima na kuwasha mwanzo fundi akija anakuta ushahidi umepungua. Mkiagiza programu msimalizie malipo kabla hamjaijaribu wenyewe mbele ya aliyeitengeneza, msajilini Ng'wandu anayekaa Ng'ambo, mwenye namba ya simu inayoanza na sifuri, alafu toeni orodha kwenye Excel muone kama ile sifuri bado ipo au imeliwa. Chomoeni waya wa intaneti muone kaunta kama inaendelea. Zimeni rauta muiwashe. Simamisheni databesi makusudi muangalie kioo kinasema nini, na kama kitasema hakuna mtandao, kijana arudi akaandike upya na hela yake ya mwisho ibaki kwenu mpaka amalize.

Na wewe Mhariri, habari ya kwetu uliyoitoa juzi ukiisoma kwenye simu kata yetu imeandikwa Ng'ambo. Hiyo ni programu yenu inaigeuza ritifaa kuwa alama za kompyuta mara mbili, mara ya kwanza ikihifadhi na mara ya pili ikionyesha, mwambie kijana wako aache ile ya kuhifadhi. Na hii barua ikichapwa naomba vikoma vyangu vya juu visiguswe.

Fundi netiweki,
Isevya, Tabora