Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii

YAH: WAGUMU WAHESABIWE KILA KAMBI

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Moshi. Mimi ni mwongozaji msaidizi wa Mlima Kilimanjaro. Nilianza kwa kubeba mizigo, nikiwa mmoja wa hawa tunaowaita wagumu.

Kanuni tunaijua: mzigo wa kampuni usizidi kilo 20. Pale lango la Machame mizigo inapimwa na askari wa hifadhi hawana mchezo. Shida inaanza msituni. Kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi ilisajili wagumu wa kutosha, mizigo ikapita mizani vizuri, kisha mbele kidogo wenzetu wakaambiwa wageuze. Mizigo yao tukagawana tuliobaki. Kwenye karatasi, kilo 20 kila mtu. Na hapo mvua ya kambi ya Shira bado. Hema likilowa usiku, asubuhi unalikunja na maji yake.

Mheshimiwa, njoo uone Ukuta wa Barranco, lile jabali la njiani. Mgeni anapanda kwa mikono miwili huku akionyeshwa pa kukanyaga. Mgumu ana mkono mmoja wa kushika jiwe, wa pili umeshika furushi lililo kichwani. Baadaye anafika kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, na baridi yote ile mara nyingi hana pa kujilaza mpaka wageni wamalize kula, maana analala humohumo kwenye hema la chakula. (Wageni wengi hawalijui hili. Wangelijua wangekula upesi.)

Kampuni zitalalamikia gharama. Lakini wapo wageni wanaotuambia wazi kwamba wamekuja kuiwahi barafu ya Kibo kabla haijayeyuka yote, na hawalipi hela ndogo. Safari ikiuzwa kwa bei ya kutupa, pengo linazibwa na shingo ya mgumu.

Ombi langu halihitaji jengo wala mashine. Mgeni anasaini kitabu kila kambi. Basi na wagumu waitwe majina kila kambi, kwa orodha ileile ya langoni. Asiyeitika, kampuni ieleze yuko wapi na mzigo wake kaubeba nani. Mizigo nayo ipimwe tena kwa kushtukiza, asubuhi, mahema yakiwa bado mabichi. Kampuni ikikutwa na kosa isimamishwe, isiishie kulipa faini, kwa sababu faini inajua pa kuikata: kwenye malipo yetu.

Msimu mkubwa unaanza Juni. Tunaomba agizo litoke kabla ya hapo.

Wako mtiifu,
Mwongozaji msaidizi, Moshi