Takwimu za mito mtandaoni ziwekwe na maelezo yake

Mhariri,

Taasisi zinazosimamia mito zinazidi kuweka takwimu za ubora wa maji mtandaoni, na hilo ni jema. Tatizo ni kwamba mara nyingi mwananchi huonyeshwa ramani yenye nukta za kijani, njano na nyekundu, pengine na wastani wa mwaka, basi. Anayetaka kujua nukta nyekundu imetokana na nini hana cha kupakua. Na hata yanapokuwepo majedwali, namba zimevuliwa maelezo yake. Namba ya maji ikishapoteza maelezo yake, hakuna mtaalamu atakayeweza kuirudishia.

Chukua nitrati. Maabara moja huripoti nitrati yenyewe, nyingine huripoti nitrojeni iliyomo ndani ya nitrati, na tofauti kati ya hizo mbili ni takriban mara 4.43. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa, yaani miligramu 50 za nitrati kwa lita, ni sawa na miligramu 11 hivi za nitrojeni. Safu ikiandikwa "nitrati, mg/L" tu, namba 12 yaweza kuwa chini kabisa ya kiwango au juu yake. Upitishaji umeme, unaoonyesha wingi wa chumvi majini, nao una mtego wake: vifaa vingine huhama vyenyewe kutoka mikrosimensi kwenda milisimensi, iliyo kubwa mara elfu, namba inapokuwa kubwa, mpimaji akaandika 1.2 badala ya 1200, na kijito chenye chumvi nyingi kikasomeka kama maji yaliyokenekwa.

Kwa hiyo kila mstari wa jedwali ubebe kipimo kimoja tu: msimbo wa kituo, tarehe na saa, kilichopimwa, thamani, kizio (kama mg/L), mbinu, kifaa, na alama ya ubora inayosema kama namba inaaminika au ina shaka. Jedwali lenye safu moja ya pH, nyingine ya joto na nyingine ya fosforasi hupendeza macho, lakini halina mahali pa kuandika mbinu ya kila namba. Fomu ya kwenye simu ikatae kabisa namba isiyo na kizio.

Linalonisumbua zaidi ni sifuri. Maabara ikiandika "<0.05", maana yake ni kwamba kipimo kilifanyika ila kiasi kilichokuwemo ni kidogo kuliko kinachoweza kuonekana na mbinu hiyo. Mwingizaji mmoja huandika 0, mwingine huacha wazi, mwingine huweka nusu, yaani 0.025, bila kusema. Hapo aliyepima na asiyepima wamekuwa kitu kimoja. Sasa maabara inunue kifaa kinachoona hadi 0.01: namba kama 0.03 zitaanza kujitokeza, na grafu itaonyesha uchafuzi ulioanza siku kifaa kilipofika! Alama ya "<" ikae kwenye safu yake na kikomo kwenye safu nyingine. Vivyo hivyo kwa upande wa juu, pale bakteria wanapokuwa wengi mno kuhesabika: iandikwe ">" pamoja na kikomo.

Saa ya kupima si pambo. Oksijeni iliyoyeyuka hushuka usiku mimea ya majini inapopumua bila kuzalisha, huwa chini kabisa karibu na alfajiri, kisha hupanda hadi alasiri. Saa tatu asubuhi ikiandikwa 3:00, mfumo utaisoma kuwa usiku wa manane. Afadhali fomu ichukue saa kutoka kwenye simu, kwa mtindo wa saa 24. Joto nalo lipimwe papo hapo, kwa kuwa maji yaliyojaa oksijeni usawa wa bahari hubeba takriban 9.1 mg/L kwenye nyuzi 20 na 7.6 tu kwenye nyuzi 30.

Vituo visajiliwe mara moja, kwa latitudo na longitudo zenye desimali tano, na mpimaji achague msimbo kwenye orodha badala ya kuandika jina la mto. Jina moja likiandikwa kwa namna tatu huzaa vituo vitatu. Alama ya kutoa iliyo mbele ya latitudo ikidondoka, kituo cha kusini mwa ikweta kinarukia kaskazini.

Kwenye ukaguzi wa kijito chenyewe, watu huhifadhi jibu na kutupa hesabu. Mtiririko, yaani kiasi cha maji yanayopita kwa sekunde, uhifadhiwe pamoja na upana, vina na kasi zilizouzaa. Bila mtiririko hatujui mzigo, yaani uzito wa uchafu unaobebwa na mto: 2 mg/L kwenye lita 100 kwa sekunde ni kilo 17 kwa siku, ilhali 0.5 mg/L kwenye lita 3,000 kwa sekunde ni kilo 130 hivi. Mto unaoonekana msafi ndio unaopeleka uchafu mwingi ziwani. Kwa wadudu wa majini, wanaohesabiwa ili kuupa mto alama ya afya yake, hifadhi idadi ya kila kundi na dakika za kuwasaka, si alama ya mwisho pekee. Kanuni za kutoa alama hubadilika. Idadi iliyohifadhiwa inaweza kukokotolewa upya wakati wowote.

Mfumo ukatae yasiyowezekana, kama pH ya 74 iliyokosa nukta, lakini yasiyo ya kawaida uyatilie alama tu. Oksijeni ya 14 mg/L kwenye maji ya nyuzi 25 yaweza kuwa kifaa kisichosawazishwa, au mwani uliochanua mchana wa jua kali. Anayeifuta anaweza kuwa amefuta ushahidi pekee wa mbolea inayomwagika mtoni na kuulisha mwani huo. Namba ya awali ibaki, sahihisho liingie kama mstari mpya wenye jina la aliyesahihisha, tarehe na sababu.

Ombi langu kwa wenye tovuti hizi: kando ya kila ramani wekeni kitufe cha kupakua mistari yote, pamoja na ile iliyotiliwa shaka na sababu ya kutiliwa shaka.

Msomaji wako,
Mtunza takwimu za maji